Kabla mfupa uwe jiwe

Mamangu aliuza omena, wale dagaa waliokaushwa, soko la Gikomba hapa Nairobi kwa miaka 20 na kitu, na kama umewahi kuishi na mtu wa omena unajua kuna adui mmoja anatajwa kwa hiyo nyumba kuliko hata askari wa kanjo, yule mdudu mwenye manyoya. Sio nzi. Nzi ni wa siku za kwanza, samaki akishakauka vizuri nzi anakata tamaa anaenda zake. Huyu mwingine anakuja wakati umeshatulia, umefunga gunia, umeweka stoo, unangoja bei ipande, halafu unafungua baada ya wiki kadhaa unakuta vumbi vumbi, omena hazina vichwa, maganda madogo ya kahawia yenye nywele yamejaa chini na vibuu vinakimbia kujificha mwanga ukiingia. Mama alikuwa anamwaga gunia lote juu ya turubai juani, anapepeta na uteo, hasemi kitu, na sisi watoto tulijua hiyo jioni tusiulize mambo ya pesa ya shule. Niliwaona hao wadudu utoto wangu wote na sikuwahi kuuliza wanaitwa nani. Nimekuja kuwajua juzi juzi tu, na si kupitia samaki, kupitia mifupa.

Hii stori inaanza Juni 2023. Pengine unakumbuka ile habari ilizunguka sana, ya mfupa wa muundi wa binadamu wa kale kutoka Turkana, wa miaka milioni 1.45, ambao ulikuwa umewekwa tu hapa Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa tangu miaka ya sabini ukiwa na namba yake, KNM-ER 741. Mtafiti wa Marekani, Briana Pobiner, alikuja kuangalia mifupa ya hapo akitafuta alama za meno ya wanyama, maana alitaka kujua ni nani walikuwa wanatula sisi enzi hizo. Badala ya meno akaona mikwaruzo iliyonyooka, imepangana upande mmoja, kama mtu aliyekuwa anatoa nyama ya shavu la mguu kwa kisu. Alichukua umbo la hizo alama kwa ile dawa ya madaktari wa meno ya kunakili umbo la meno, akatuma kwa mwenzake Michael Pante, naye akazilinganisha na alama 898 ambazo zilikuwa zimetengenezwa kwa makusudi ili wajue kila kitu huacha alama gani. Kati ya alama 11, 9 zilikuwa za jiwe la kukatia. Mbili zilikuwa za meno, inaonekana paka mkubwa wa aina ya simba.

Mitandaoni kila mtu aliongea tu mambo ya watu kula watu. Mimi nilikwama kwa hizo mbili, na kwa swali lingine la nyuma yake, kwamba huu mfupa ulikuwa umelala chini mahali, bila ngozi, bila mwenyewe, na kila aliyepita akaufanyia kitu, mwenye jiwe, mwenye meno, pengine na wengine ambao hawakuacha alama, halafu ukafunikwa na mchanga, halafu miaka milioni moja na nusu, halafu mtu akauokota. Sisi tukienda makumbusho tunaangalia mwanzo na mwisho. Huyu aliishi, huyu alipatikana. Ile katikati, yaani zile wiki na miezi na miaka kati ya kufa na kufunikwa, hakuna mtu anatuambia, na ndiyo inaamua kama utakuwa jiwe ama utakuwa vumbi.

Kumbe hiyo katikati ina wasomi wake. Inaitwa tafonomia, jina lililotolewa mwaka 1940 na Mrusi mmoja, Ivan Efremov, kutoka maneno ya Kigiriki ya kaburi na sheria. Sheria za kuzikwa. Nililipenda hilo jina hadi nikaliandika kwa ukuta wa jikoni, na tangu hiyo siku nikawa natafuta kila kitu kinachohusu nani hula mfupa na anaulaje.

Sasa Desemba hiyo hiyo tulikuwa tunachinja mbuzi kwa ploti yetu Ruai, familia imekuja, na nikaomba nipewe kichwa kibichi, bila kuchoma na bila supu, jambo ambalo wazee hawakulichukua vizuri kwa sababu kichwa kina wenyewe. Nikalipa hicho kichwa kwa kununua nyama ingine. Halafu nikaenda kwa mtu wa bucha nikamwambia nataka miguu mitatu ya ng'ombe, asikate, anipe mizima. Akaniuliza, "Sasa utapika na sufuria gani?" nikamwambia sipiki, akanyamaza, akafunga kwa gazeti.

Mfupa mmoja nikauweka juu ya stendi ya tanki, kwa jua kali siku nzima. Mwingine nikaulaza chini kando ya fensi karibu na nguzo ambayo mchwa walikuwa wameanza kuipanda. Wa tatu nikauzika, futi moja hivi, kwa ule udongo mweusi wetu wa Ruai ambao kiangazi unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono. Kichwa cha mbuzi nikakiacha wazi chini ya mwarobaini. Usiku wa kwanza mbwa wa jirani wakabeba wa fensi wakaenda nao, nikaupata asubuhi njiani umetafunwa ncha zote mbili, umebaki katikati kama bomba. Sikuukasirikia, nilikuwa nimesoma kwamba fisi na mbwa wote huanza na ncha kwa sababu huko mfupa ni laini, una matundu matundu na mafuta ndani, na ile bomba ya katikati ndiyo ngumu, ndiyo inabaki. Ukienda kwa makabati ya visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe, utaona vipande vingi sana ni hizo bomba. Nikaurudisha mahali pake na nikanunua waya wa kuku nikatengeneza vizimba, na kichwa cha mbuzi nikakiweka ndani ya kreti ya soda ya plastiki, wadudu waingie lakini mbwa wasiingie.

Mama Shiro wa jirani alikuja kuniuliza pole pole kama kuna mtu amenifanyia kitu, kwa sababu mifupa kwa ploti na kwa tanki si picha nzuri. Nikamkalisha nikamweleza yote. Aliniskiliza akasema ni sawa, lakini ule wa tanki niusogeze upande ambao wateja wake wa maziwa hawatauona, nikausogeza.

Nzi walikuja kwa kichwa cha mbuzi siku hiyo hiyo, hiyo kila mtu anajua. Funza wakajaa, wakala vitu vyote vilivyo laini, na kwa kama wiki mbili hivi hakuna mtu alitaka kupita huo upande. Lakini nzi na funza hawagusi mfupa. Baadaye harufu ikaisha, ngozi ikakauka ikashika fuvu kama kiatu cha zamani, na nikafikiria sasa imekwisha, imebaki kukaa tu. Mwishoni mwa Januari mama alikuja kukaa na sisi, akapita hapo akiwa na kikombe cha chai, akainama, akachokora na kijiti, akasimama wima.

"Nyathina, huyu namjua. Huyu ndiye alikuwa ananimalizia omena."

Na alikuwa ni yeye kweli. Nilimtoa mmoja nikampeleka kwa mwangaza, kibuu cha kahawia iliyokolea, nywele nywele ndefu, mkia una vipembe viwili vidogo. Mkubwa wake ni mbawakawa mweusi, mrefu kama punje ya mchele ama zaidi kidogo, tumbo jeupe. Kwa lugha ya wasayansi aina inayosumbua samaki mkavu na ngozi zilizoanikwa inaitwa Dermestes maculatus, na ukoo wake wote, Dermestidae, kazi yao duniani ni hiyo, kula mnyama aliyekauka. Watu wa ngozi wanawajua. Watu wa polisi wa uchunguzi wanawajua, maana wakiwapata kwa maiti wanajua huyu si wa jana. Makumbusho nyingi duniani zinawafuga, ati wanawekewa mnyama mdogo aliyetolewa ngozi, wanamla kila kipande cha nyama hadi mfupa unabaki safi kuliko ungechemsha, lakini wanafugwa mbali kabisa na vitu vingine vya makumbusho, kwa sababu wakitoroka watakula na ndege waliokaushwa na kila kitu. Mama nilipomwambia kuna watu wanawafuga kwa kupenda aliangalia pembeni.

Hapa ndipo penye mimi nilishikwa. Huyu mdudu hali mfupa ule mgumu wenyewe kama chakula. Anakula nyama kavu, ngozi, kano. Lakini kibuu akishiba na wakati wa kugeuka kuwa mkubwa ukifika anaogopa, maana akiwa anageuka hana miguu ya kukimbia na ndugu zake wenyewe watamla, hivyo anatafuta kitu kigumu anatoboa chumba anajifungia ndani. Anaweza kutoboa mbao. Anaweza kutoboa mfupa. Hicho chumba kidogo cha mviringo, ambacho alikikaa siku chache tu, kinaweza kubaki kwa jiwe milele. Mwaka 2007 watafiti watatu, Roberts, Rogers na Foreman, walieleza vyumba kama hivyo kwenye mifupa ya dinosaria kutoka Madagascar na kutoka Utah huko Marekani, na wakavipa jina lake kama vile unavyompa mnyama jina, Cubiculum ornatum, kutoka neno la Kilatini la chumba cha kulala. Ndani ya ukuta wa chumba unaona hadi mikwaruzo ya taya za mdudu. Mifupa mingine ya Wyoming, huko huko Marekani, ya dinosaria wa zamani hata kuliko hao, nayo ina alama ambazo zimehusishwa na ukoo huo huo. Mdudu wa gunia la mama, ama babu zake, alikuwa anafanya kazi hii hii wakati hakuna hata nyani duniani.

Na hizo alama zinaongea. Kama mfupa una chumba cha huyu mbawakawa, basi unajua mzoga haukufunikwa haraka, ulikaa nje wazi, ukakauka, na hali ya hewa ilikuwa ya joto, maana kwa unyevu mwingi hawezi. Hakuna mtu alikuwa hapo kuandika, lakini mdudu ameandika. Ndiyo maana mimi huumia nikiona mtu kwa video anaonyesha mfupa wa kale na kusema kwa masikitiko kwamba umeharibiwa, umetobolewa, kana kwamba ni uchafu ungefutwa. Hilo shimo ndilo habari pekee tuliyo nayo ya hizo siku.

Mchwa ni mambo mengine. Ule mfupa wa fensi, uliotafunwa na mbwa, mvua ndefu za 2024 zilipopungua niliuona umepakwa udongo, ile plasta yao nyembamba ya vijia, kuanzia kwa nguzo hadi juu ya mfupa. Nikaacha miezi mitatu. Nilipobandua huo udongo chini yake uso wa mfupa haukuwa laini tena, ulikuwa na vijishimo vya duara visivyo na kina, vingine vimeshikana, na sehemu moja kuna mikwaruzo midogo midogo imetawanyika kutoka katikati kama mwale wa nyota. Nilikuwa nimeona hiyo nyota kwa picha. Lucinda Backwell na wenzake wa Afrika Kusini waliwapa mchwa mifupa kwa makusudi wakaandika mwaka 2012 ni alama gani zinabaki, na nyota iko kwa hiyo orodha pamoja na vishimo, matundu na mikwaruzo inayokwenda sambamba. Sisemi ya kwangu ni hiyo hiyo, mimi nina kioo cha kukuzia cha shilingi mia tatu tu, wao walikuwa na hadubini. Lakini nilikaa chini hapo kwa fensi nikauangalia muda mrefu.

Kwamba mchwa hula mifupa si jambo jipya, mwaka 1911 daktari mmoja aitwaye Derry aliandika kuhusu mafuvu ya makaburi ya kale ya Nubia yaliyoharibiwa na mchwa, na mwaka 2000 Thomas Kaiser akaeleza matundu kwenye mifupa ya visukuku ya Laetoli, hapo Tanzania penye nyayo za watu wa kale, akayahusisha na wadudu. Kwa nini mdudu wa kula miti na nyasi atafute mfupa, wataalamu wanabishana, wengine wanasema ni nitrojeni, maana mbao haina nitrojeni ya maana na mfupa una ile protini ya kolajeni. Sasa hebu fikiria hii nchi yetu, kuanzia Athi hadi Magadi hadi Turkana, vichuguu kila mahali, na hao ndio walikuwa wakipokea kila aliyekufa. Ukweli ni kwamba mifupa mingi iliyowahi kutembea hapa ilirudi kuwa udongo kupitia midomo midogo kama hiyo.

Na midomo mikubwa, jameni. Fisi tunamjua, anavunja mfupa wa paja na kumeza vipande hadi kinyesi chake kinakauka cheupe kama chokaa kwa sababu ya kalsiamu. Nungunungu anabeba mifupa mikavu kwa shimo lake anaitafuna usiku kunoa meno, anaacha mifereji mipana imepangana vizuri hadi mtu anaweza kufikiria ni patasi. Twiga, huyo mpole wa kula migunga, naye huokota mfupa akaumung'unya akitafuta fosforasi. Kwa pembe kuna nondo, Ceratophaga, ukitembea malisho ya Kitengela na Kajiado unaweza kukuta fuvu la nyati ama ng'ombe pembe zake zimetoka vitu kama vidole vya udongo, watu wengine husema pembe imeota mizizi, kumbe ni vibomba vya vibuu vya nondo ambavyo vinakula pembe yenyewe, ile inayofanana na kucha, na mfupa wa ndani vinauacha. Hata ng'ombe akipita tu, kwato zake zikisukuma mfupa kwa mchanga wenye changarawe zinaweza kuuchora mistari inayofanana na kisu, na hiyo imewagombanisha wasomi vibaya sana, maana kama ni kisu basi ni historia ya binadamu na kama ni kwato basi ni ng'ombe tu.

Mamba niliwaacha nje ya akili yangu kabisa hadi niliposoma kazi ya Jackson Njau, Mtanzania. Yeye na Robert Blumenschine walikaa na mamba wa kufugwa wakisoma meno yao huacha alama gani, shimo lenye mstari katikati kwa sababu jino la mamba lina ukingo, halafu wakarudi kwa mifupa ya Olduvai, Tanzania, mguu na unyayo wa watu wa miaka milioni 1.8 hivi, wakaona hizo alama ziko pale. Hicho kiunyayo, OH 8, kimesomwa na kupigwa picha na kusifiwa tangu miaka ya sitini kama ushahidi wa jinsi tulivyoanza kutembea. Kumbe pia ni ushahidi wa mtu aliyekwenda kuteka maji.

Kuna kitu kingine kilinijia pole pole nikisoma hizi habari, na hakijatoka. Wengi ni watoto. Yule mtoto wa Taung, fuvu lililopatikana Afrika Kusini 1924 na kupewa jina na Raymond Dart mwaka uliofuata, alikuwa na miaka kama mitatu ama minne, na Lee Berger na Ron Clarke walisema kwamba alibebwa na tai, na baadaye Berger akaonyesha kuna alama ndani ya matundu ya macho kama za nyani wanaoliwa na tai hadi leo. Fuvu lingine la pango la Swartkrans, huko huko Afrika Kusini, SK 54, la mtoto pia, lina matundu mawili nyuma ya kichwa ambayo mtafiti Bob Brain aliyapima na meno ya chini ya chui, yakaingia. Dart alikuwa ameshawaambia watu kwamba babu zetu walikuwa wauaji wakubwa wa kutumia mifupa kama silaha, na Brain akapindua hiyo hadithi kwa kuangalia tu nani alitafuna nini. Na hao ni wale waliobaki. Mfupa wa mtoto ni mwembamba, haujakomaa, unaliwa wote, haubaki hata bomba. Kuku, panya, mtoto mchanga, hao ndio wa kwanza kupotea, kwa hivyo ile dunia ya kale tunayoiona kwa makabati ni dunia ya wakubwa na wenye mifupa mizito, na kila hesabu inayofanywa lazima ikumbuke hilo.

Ule wa tanki haukuliwa na mtu. Jua tu. Mwaka wa kwanza ulikuwa bado na mafuta mafuta, halafu nyufa nyembamba zikaanza, zote zimefuata urefu wa mfupa kama nyufa za ubao. Hapa Kenya ndiko hizo nyufa zilihesabiwa vizuri kwa mara ya kwanza, Amboseli, chini ya Kilimanjaro, ambapo Anna Kay Behrensmeyer alianza 1975 kutembea akihesabu mizoga na mifupa pamoja na David Western, na 1978 akatoa mpango wa hatua kuanzia 0 hadi 5. Sifuri ni mfupa mbichi, moja ni nyufa, mbili maganda yanaanza kubanduka, na kuendelea hadi tano, mfupa unavunjika papo hapo ukiuinua. Wanaenda Amboseli hadi miaka hii wakihesabu. Wa kwangu nadhani uko moja unakaribia mbili. Nikimaliza kuandika hapa nitapanda kuuangalia.

Wa kuzikwa niliufukua mara moja tu, baada ya mwaka. Mizizi ya majani ilikuwa imeushika kama nyuzi, na nilipoiosha iliacha mistari ya kujipinda pinda juu ya mfupa, kwa sababu mizizi na kuvu zinazokaa nayo hutoa asidi. Ndani kuna bakteria na kuvu wanaochimba vijia ambavyo jicho haliwezi kuona, Wedl wa Vienna aliviona kwa hadubini mwaka 1864 na hadi leo baadhi yake vinaitwa kwa jina lake. Yaani hata kuzikwa si kupona. Hata baharini si kupona, mwaka 2002 huko Monterey, California, karibu mita 2,900 chini, wakapata mifupa ya nyangumi imeota minyoo myekundu isiyo na mdomo wala tumbo, Osedax, inayoingiza mizizi ndani ya mfupa na kuuyeyusha, na alama zake zimepatikana kwa mifupa ya mijusi wa baharini wa miaka milioni 100 hivi. Nililala vibaya hiyo siku.

Mwezi uliopita nikampeleka mama Makumbusho, hakuwa amewahi kuingia ndani tangu azaliwe, na matatu zote za Gikomba alizopanda maisha yake hazikupita huko. Nilitaka aone Mvulana wa Turkana. Kamoya Kimeu, Mkenya wa kutafuta visukuku, ndiye alimpata, 1984, Nariokotome huko Turkana, aliona kipande kidogo tu cha fuvu kati ya changarawe zenye rangi hiyo hiyo, na chini yake ikatoka karibu mifupa yote ya mtoto aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Mama alimwangalia kwa muda. Alihesabu mbavu. Akauliza meno, nikamwonyesha. Halafu akauliza, "Na vidole vyake viko wapi?"

Nikamwambia vidole vya mikono na miguu havikupatikana karibu vyote, kwamba vitu vidogo maji hubeba, na kwamba walioichunguza hiyo mifupa wanasema ilikanyagwa na kutawanyika ikiwa kwenye maji ya kina kifupi, kama kinamasi, halafu tope likafunika. Fisi hakumfikia.

"Na hawa wa omena?"

Nikamwambia hakuna aliyewaona kwake.

"Kwa maji huyo haingii," mama akasema. "Ukitaka kumshinda ni umloweshe, lakini ukilowesha na samaki anaoza. Hiyo hata mimi ningewaambia."

Alisimama hapo kidogo tena, akashika kile kizuizi kwa mkono mmoja, akanyoosha mgongo. Kisha akaniuliza kama kile kichwa cha mbuzi bado kiko ndani ya kreti, maana mvua iko karibu na mimi sijakifunika.